Meza ya vitabu vya mitumba, Mlango Mmoja: huuziwi mpaka usome kwa sauti

Nimenunua kwenye meza hii mara tisa tangu mwaka jana, kwa hiyo haya si maneno ya mpita njia. Bango halipo, usilitafute. Ukifika Mlango Mmoja hapa Mwanza, kwenye mitumba, wapite wauza viatu vya watoto, mpite mama wa mapazia, utaona mwamvuli mkubwa wa buluu uliopauka kwa jua. Chini yake kuna meza ya mbao iliyotandikwa turubai, na vitabu vimesimamishwa migongo juu. Kulia anakaa fundi viatu na boksi lake la nyuzi na sindano. Kushoto ni ukuta. Mwenye meza ni mzee wa miaka sitini na kitu, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya wa shaba, na hata ukifika saa tisa mchana atakuamkia, "Mwangaluka, mayu," ambayo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Anasema kwake siku inaanza mteja akifika.

Sharti lake ni moja. Hupokei kitabu wala hapokei hela mpaka umesoma ukurasa mmoja kwa sauti, popote utakapofungua, naye anasikiliza. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba kitabu cha mtumba ni kama shati la mtumba, huwezi kulinunua bila kuliingiza mkono.

Mimi ni karani wa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kutwa naandika magunia, ushuru na nauli za malori. Kusoma kwa sauti barabarani, watu wakipita na ndoo na mikokoteni, kulinitia aibu siku ya kwanza, nikataka kurudisha kitabu nikaondoke zangu. Kilichonizuia ni kitabu chenyewe. Kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, na mimi na hicho kitabu tuna kesi ya zamani.

Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu alikuwa akitusomea kesi ya Karama. Karama ameshitakiwa kwa sababu anataka kuwafundisha watu sheria. Analetwa mbele ya baraza, anasomewa mashitaka, na sheria hiyo hiyo anayoshitakiwa kwa kuifundisha ndiyo inayotakiwa imhukumu. Nikacheka. Sikucheka kwa utundu, nilicheka kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Nikauliza, sasa hao wanaomhukumu wao sheria walifundishwa na nani? Mwalimu akanitoa nje, akasema fasihi si mchezo wa kuigiza wa redioni. Nilisimama chini ya mwembe mpaka kengele ikalia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeamini kwamba sikukielewa kile kitabu.

Sasa pale mezani nikafungua, mkono ukaangukia mahali waziri anapomshambulia Karama. Nikaanza kusoma kwa sauti ya chini. Sijamaliza aya, mzee ameshaanza kucheka, mabega yanapanda na kushuka, mkono uko kifuani. "Hebu rudia jina la waziri," akasema. Nikarudia: Majivuno. "Sasa fikiri," akaniambia, "mwaka 1951, Mwingereza bado yuko, na aliyeandika ni mtu aliyefanya kazi ya ukarani serikalini. Anawajua wakubwa mmoja mmoja. Anachukua nchi anaitundika katikati ya mbingu na ardhi, waziri anamwita Majivuno. Ni mkubwa gani atakayesimama aseme, mzee wewe, huyu Majivuno umenisema mimi?"

Nilikaa kwenye kigoda cha fundi nikasoma kurasa sita badala ya moja. Zile safari za wajumbe, nilizokariri shuleni kwa ajili ya mtihani, nilizisikia upya. Mjumbe anatumwa aende kutafuta jambo la kuifaa nchi, anateseka njiani, anarudi na maarifa, anafungwa. Anatumwa wa pili, anafungwa. Wa tatu, vivyo hivyo. Wako sita. Ukisoma kimoyomoyo unahuzunika tu. Ukisoma kwa sauti, ukifika wa tatu sauti yako yenyewe inabadilika, unaanza kucheka kama anavyocheka mtu aliyezungushwa ofisini kwa "njoo kesho" mpaka miguu imechoka. Na kile kicheko hakikuniondolea uchungu wa wale wafungwa. Kilinikaza nao zaidi, kwa sababu nilijua nimeshawahi kuwa kwenye ile foleni.

Nililipa elfu nne.

Bei zake nyingi ziko kati ya elfu tatu na elfu nane, zimeandikwa kwa penseli ndani ya jalada, na hapandishi kwa kuangalia viatu vyako. Ukirudisha kitabu kikiwa hakijachanika unaongeza elfu moja unachukua kingine. Anapokea pesa ya simu. Risiti hana. Mvua ya vuli ikianza anafunika kila kitu kwa nailoni na unaweza kusubiri saa nzima chini ya mwamvuli unaovuja upande wa ukutani, kwa hiyo simama upande wa fundi. Vitabu vya Kiingereza vipo lakini vingi ni vya uhasibu na vya dini, sitavisemea.

Kasoro kubwa niliyokutana nayo ni kurasa. Nilichukua kitabu kimoja nikafika nyumbani, nikakuta kutoka ukurasa wa 32 unaruka hadi 49. Si kwamba mtu alichana; mkunjo mzima wa kurasa kumi na sita ulikuwa umechomoka kwenye mshono. Niliporudi kulalamika hakubisha. Aliinama chini ya meza akatoa nakala nyingine ya kitabu hicho hicho, isiyo na jalada wala kurasa za mwisho, akafunua penye zile zangu, akaniambia nikae nizisome pale pale, bure, na chai ya tangawizi juu yake. Nilitaka hela yangu. Nilipomaliza zile kurasa nilikuwa nimesahau kuidai, lakini wewe ukinunua hesabu mikunjo kwanza.

Kitabu kilichonifanya niandike tathmini hii, hata hivyo, ni cha Aniceti Kitereza.

Baba yangu alikuwa Mkerewe, na sisi wenye asili ya kisiwa cha Ukerewe tunalijua jina la Kitereza hata kabla hatujamsoma. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa nacho miaka na miaka bila kupata wa kukichapa, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ni habari ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, ambao hawakujaliwa mtoto, na jina lake ni refu kama ukoo, maana watoto waliokuja kuzaliwa nao wamo kwenye jalada. Mzee wa meza alikuwa na kitabu cha kwanza tu kati ya viwili. Nilimsomea ukurasa, akanyamaza muda, akasema, "Hiki kasome majini."

Basi nikaenda nacho Nansio, huko huko Ukerewe. Nilikuwa namsindikiza shangazi, dada wa baba, arudi kwake baada ya kuwa na sisi Mwanza tangu msiba. Meli ilitoka Bandari ya Kaskazini, tukaiacha milima ya mawe nyuma, na njia yote hiyo ni zaidi ya saa tatu. Shangazi alikuwa hajasema neno la ziada kwa wiki kadhaa. Macho yake hayaoni maandishi tena. Nikamuuliza, "Shangazi, nikusomee?" Akasema, "Kama ni vya kwenu huko sitaki." Nikamwambia ni vya kwake.

Nilimsomea pale ambapo Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kurudishwa kwao, kwa ajili ya maneno ya ndugu wa mume, na Myombekere anakwenda ukweni kumtaka. Ni jambo zito. Ni ndoa inavunjika mbele yako na watu wawili wanaopendana. Na wakwe wanasema sawa, mke utampata, ila lete pombe ya ndizi. Kuanzia hapo mwandishi haendi mbio hata kidogo. Mtu ana kiherehere cha mkewe, na pombe ya ndizi haina kiherehere: ndizi zina siku zake za kuiva, kukamua kuna kazi yake, kuchacha kuna saa zake. Unamtaka mkeo leo, unasubiri ndizi.

Shangazi alianza kwa kunisahihisha matamshi. Kisha akaanza kuniwahi: kabla sijasoma hatua ya ukamuaji yeye ameshaitaja, na mikono yake juu ya kanga inafinya nyasi za kukamulia ambazo hazipo. Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti ya msichana, abiria wa benchi la mbele wakageuka. "Huyu bwana," akasema, "anamlilia mke au anazililia ndizi?" Akaniambia babu yangu naye alipelekwa hivyo hivyo, akakaa ukweni siku mbili na nguo moja kwa sababu mtungi mmoja ulipasukia njiani, na bibi yangu alikuwa akimchungulia kutoka nyuma ya nyumba anabana kicheko na kitambaa mdomoni. Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Baba hakuwahi kutusimulia. Imetoka kwa shangazi katikati ya ziwa kwa sababu ya kurasa kumi za utengenezaji wa pombe.

Tulipoona ardhi ya Ukerewe aliniuliza kama nakumbuka siku ya mazishi ya baba. Nakumbuka kila kitu. Msemaji wa familia alisimama, kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu aje aonane na familia. Watu kimya. Mzee mmoja, rafiki wa baba wa miaka mingi, akainuka kwa fimbo yake. Tukajua deni limekuja, kaka yangu akashika mfuko wa suruali. Mzee akasema, "Mimi namdai mchezo mmoja wa bao. Alikuwa ameshashindwa, zimebaki kete mbili, akasema kichwa kinamuuma tuahirishe mpaka Jumapili." Akanyamaza, midomo inatetemeka. "Nataka watoto wake wajue kwamba ule mchezo nimeshinda mimi."

Uwanja mzima ulicheka, na katika kile kicheko ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Baadaye ndugu mmoja alisema mzee yule amekosa adabu. Shangazi, pale melini, alisema hakuna mtu aliyemzika kaka yake vizuri kama yule mzee, kwa sababu wengine wote walizika mtu mwema, yeye peke yake alizika mtu aliyekuwa akisingizia kichwa akishindwa bao. Nami nasema hivyo. Na nadhani Kitereza angemwelewa, maana amewaandika watu wake wakiwa na shida zao zote kubwa na hajawanyang'anya vituko vyao hata kimoja.

Sasa fundi viatu, ambaye kwangu ni sehemu ya huduma ya meza hii ingawa biashara yao ni tofauti.

Ile njia ya kupanda Bugando ilikuwa imekula soli ya ndala yangu ya ngozi, nikampa. Huku nasubiri nikachukua mezani Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya ule mchezo wa Shakespeare. Nilikijua kwa sifa tu: mfalme mtarajiwa anachomwa visu, watu wazito wanazungumza maneno mazito. Nikafungua mwanzo kabisa ili nitimize sharti. Na mtu wa kwanza mwenye maneno ya kuchekesha katika ule msiba wote ni fundi viatu.

Wakubwa wawili wa Roma wamekutana na mafundi wanazurura siku ya kazi. Wanauliza, wewe kazi yako nini? Wa kwanza ni seremala, anajibu mara moja. Wa pili anazungukazunguka, anajibu kwa mafumbo, mkubwa anapandisha hasira. Binti yangu, anayesoma lugha kidato cha tano, alinieleza baadaye kwamba kwa Kiingereza soli ya kiatu na roho ya mtu hutamkwa sawasawa, kwa hiyo yule fundi anaposema anatengeneza zilizoharibika, mkubwa hajui kama anaambiwa juu ya viatu au juu yake mwenyewe. Lakini lililomgusa jirani yetu halikuhitaji Kiingereza. Mkubwa anauliza: kwa nini hauko kwenye kibanda chako, mbona unawatembeza hawa watu barabarani? Fundi anajibu: ili viatu vyao viishe, nipate kazi zaidi.

Sindano ya fundi wetu ilikuwa imeingia nusu kwenye soli yangu. Akaiacha hapo hapo. "Rudia, dada."

Nikarudia.

"Huyo ni fundi kweli," akasema, na uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Hilo halijatungwa na mtu asiyekaa na mafundi." Akatuambia kila ukifanyika mkutano mkubwa pale viwanja vya Furahisha, kesho yake yeye hanyanyui kichwa: kandambili zimekatika, visigino vimeng'oka, viatu vya kila chama. Mzee alikuwa amevua miwani anafuta macho. Nililipa kitabu elfu tano na soli elfu mbili, na fundi akanisihi nirudi nacho Jumamosi.

Nimerudi nacho Jumamosi nne. Nikitoka Mwaloni saa nane, nafika saa nane na nusu, nasoma onyesho moja au mawili, mama wa mapazia naye siku hizi anasogeza kiti. Hotuba ya Antoni, rafiki wa Kaizari, juu ya maiti yake ilichukua alasiri nzima. Kila anaporudia kwamba Bruto, mmoja wa wauaji, ni mtu wa heshima, heshima ile inapungua, mpaka mwisho imekuwa tusi na hajabadilisha neno. Mama wa mapazia alipiga kofi paja lake: "Mama mkwe wangu ananisifia vivyo hivyo!"

Jumamosi iliyopita tukafika kwa Cinna mshairi. Ni onyesho fupi. Mji umeshawaka baada ya ile hotuba, umati unatafuta waliomuua Kaizari, na mshairi anakatiza njia. Bahati yake mbaya, ana jina moja na mmoja wa wauaji. Wanamzingira wanamuuliza yote kwa mpigo: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, umeoa hujaoa? Anajitahidi kuwajibu kwa mpangilio, na anaposema yeye kwa busara yake hajaoa, mmoja anang'aka kwamba basi unatuita sisi tuliooa wajinga. Mama wa mapazia alicheka mpaka akashika meza. Halafu jina linatoka. Anapiga kelele, mimi ni Cinna mshairi, si Cinna yule. Na wanasema: basi mrarueni kwa mashairi yake mabaya.

Nilicheka, mzee akacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika kiatu cha shule cha mtoto, anakigeuza.

"Yule mwenzangu wa mwanzo," akauliza, "harudi tena?"

Nikapekua mpaka mwisho, mzee akiwa ameinamia bega langu. Harudi. Hatajwi tena popote.

"Basi yumo humo," akasema fundi. "Kwenye hao wanaouliza."

Tukanyamaza wote. Mama wa mapazia ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba miaka kadhaa iliyopita, hapa hapa, kijana alishikwa na simu wakidai ni ya wizi, na watu walikuwa wakimuuliza hivyo hivyo, wote kwa pamoja, unakaa wapi, umetoka wapi, nani anakujua, na baadhi walikuwa wakicheka. Simu ilikuwa yake. Yeye mama alimvutia ndani ya banda akamwangushia mapazia juu. Fundi alisikiliza akiwa ameangalia chini. Hakusema siku hiyo yeye alikuwa wapi, na hatukumuuliza.

Baadaye, nimeshafunga kitabu, akanyoosha mkono akakigusa jalada. "Dada, kabla hujaenda. Nisomee tena pale pa mwanzo, pa viatu." Nikafungua ukurasa wa kwanza nikaanza, na safari hii alisikiliza huku anashona, taratibu, kila mshono akiuvuta mpaka mwisho.